Kalunde na Herufi za Mpingo

Mwaka wa 1969 nilikuwa nikifundisha ngumbaru huko Kalamba. Watu wazima ishirini na mmoja, wengi wao akina mama, walikuwa wakija saa nane mchana kwenye jengo la kanisa, vumbi la shambani likiwa bado miguuni. Mwanafunzi aliyenipa moyo kuliko wote alikuwa Kasyoka, mama wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa akishuka kutoka milima ya Mbooni na mzigo wa ndizi na maparachichi, akauza sokoni, kisha akalala kwa dada yake siku mbili ili asikose masomo. Kwa miezi saba alikuwa ameshika herufi zote. Alisoma kila alichokutana nacho: mifuko ya sukari, pakiti za majani ya chai, maandishi ya ubavuni mwa malori.

Habari ninayotaka kusimulia ni ya binti yake, Kalunde, lakini siwezi kuifikia bila kupitia kwa mama.

Siku moja ya soko, bango jipya lilibandikwa kwenye ukuta wa kisiagi cha mahindi. Watu wakakusanyika kulitazama. Wengi hawakujua kusoma, na mtu mmoja akaita, "Kasyoka si anasoma siku hizi? Atusomee!"

Kasyoka akaweka kiondo chini, akajifuta mikono kwa leso, akasogea mbele. Kalunde alikuwa kando yake. Alikuwa amepata likizo ya siku nne kutoka Kitui mjini, ambako alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha kanisa.

"Umbano," mama akasoma kwa sauti. Akalitazama neno la pili, akarudia. "Umbano... mune."

Watu walitazamana. Kisha muuza nyama mmoja, jina lake Musyoka, akapasuka kicheko. "Mkutano wa mune ndio upi huo, mama? Mwalimu wako amekufundisha Kikamba cha wapi?"

Soko zima likacheka. Nami nilikuwa palepale, na naona aibu hadi leo kwamba sikufungua mdomo upesi.

Niwaeleze kilichotokea. Katika Kikamba tuna i mbili na u mbili. Moja ni ya kawaida. Nyingine huvaa alama ya wimbi kichwani, ĩ na ũ, na sauti yake ni nyingine kabisa: ĩ inakaribia e, na ũ inakaribia o. Bango lilitakiwa kusema ŨMBANO MŨNENE, yaani mkutano mkubwa. Lakini halikuwa na alama hata moja. Tena herufi zake zilikuwa pana, zimekaa kama watu wanaotanua viwiko kwenye benchi, hata neno la pili likakosa nafasi. Aliyelipanga alikuwa amelikata vipande viwili: MUNE juu, NE chini yake. Kasyoka alisoma kama nilivyomfundisha, herufi kwa herufi, na neno likatoka lisilo neno.

"Nimesoma kilichoandikwa," alisema polepole. Akaokota kiondo chake akaondoka.

Wiki iliyofuata hakuja darasani, wala iliyofuata hiyo. Nilipomtafuta kwa dada yake aliniambia, "Mwalimu, mimi nilikuwa nadhani najua. Kumbe nilikuwa najidanganya." Sikuweza kumrudisha.

Kalunde alikuja kuniona kabla ya kurudi Kitui. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mrefu, mwenye kusema maneno machache.

"Mwalimu, mama alikosea wapi?"

"Hakukosea popote. Bango ndilo lililokosea."

"Basi ni mimi niliyekosea," akasema. "Lile bango nililipaka wino kwa mikono hii."

*

Kiwandani Kalunde hakuwa mtu wa cheo. Aliajiriwa kuosha herufi. Baada ya kila kazi alizisugua kwa brashi na mafuta ya taa, akazikausha kwa kitambaa, akazirudisha kila moja kwenye chumba chake katika droo. Siku za mabango alipaka wino kwa rola. Kwa hiyo alizijua herufi kwa uso wao wa mashine, yaani kinyume, jinsi mtu anavyoonekana kwenye kioo. Angeweza kuitambua R kwa kuipapasa tu.

Mpangaji wa herufi alikuwa Bwana Mwangangi, fundi aliyejifunza kazi Nairobi, nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni na aproni isiyokuwa na doa. Kalunde alimwendea siku ya kwanza ya kurudi kazini.

"Bwana Mwangangi, kwa nini kwenye herufi kubwa za mbao hatuna Ũ?"

"Kwa sababu Waingereza hawana Ũ."

"Na sisi tunayo."

"Sisi tunayo, lakini wao ndio wanaotengeneza herufi." Hakusema kwa ubaya. "Zile ndogo za madini ya risasi tunaongeza alama kwa kalamu, muda ukiwepo. Hizi za mabango, karatasi mia tano, nani atazichora moja moja?"

"Nikizichonga mimi?"

Mwangangi alimtazama, akacheka kidogo, halafu akaona kwamba msichana hacheki.

"Sikiliza. Herufi si kinyago. Ikizidi kimo kwa unene wa karatasi moja, inatoboa. Ikipungua kwa unene huo huo, haigusi wino. Watu wana mashine za kufanya kazi hiyo."

Kalunde akaenda kwa meneja, Mzee Ndolo, aliyekuwa pia shemasi. Mzee Ndolo aliondoa miwani, akafikiri. "Ukifanya kwa wakati wako, na kwa mbao zako, sina neno," akasema. "Lakini ukiharibu mashine ya kanisa, utatafuta kazi kwingine."

"Nimekubali," Kalunde akasema. Mwangangi alikuwa mlangoni, akasikia yote.

*

Baba yake, Kiema, alikuwa mchongaji. Nyumbani kwao Mbooni, kwenye mteremko mkali ambako mbuzi ndio hutembea kwa raha, alichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Wanaume walichonga, wanawake na watoto walisugua kwa msasa. Kalunde alikuwa amesugua twiga tangu akiwa na miaka sita, lakini tezo hakuwahi kuishika. Alipofika nyumbani mwisho wa mwezi na kusema anataka kufundishwa kuchonga, baba aliacha kazi aliyokuwa nayo mkononi.

Kiema alikuwa akimwita binti huyu mwaitu, mama yangu, kwa sababu alikuwa amepewa jina la nyanya yake.

"Mwaitu, twiga mimi nauza," alisema. "Hiyo A utaiuza kwa nani?"

"Siuzi, baba. Nataka mama asome na asichekwe."

Kiema hakuwa amejua habari ya soko, mkewe hakumwambia. Alisimuliwa yote, akasikiliza huku akipangusa tezo kwa paja. Alipomaliza kusikia, aliingia ndani akatoka na patasi tatu, ndogo kwa kubwa, na tupa moja.

"Hizi zirudi zikiwa kali," akasema.

Herufi za kwanza Kalunde alizichonga kwa mukau, mti ulio rahisi kukatika. Jumamosi mchana na jioni kabla jua halijatua alikaa kwenye ua wa chumba alichopanga Kitui, kipande cha ubao katikati ya miguu. Alijitengenezea kipimo: vyuma viwili vilivyopigiliwa kwenye gogo, katikati yake pengo lenye kimo sawasawa cha herufi ya Uingereza aliyoazima. Herufi iliyokwama ilikuwa ndefu. Iliyocheza ilikuwa fupi. Alichonga kumi na mbili kwa miezi mitatu. Mwangangi akazipitishia kidole gumba, akakubali kuzijaribu.

Karatasi ya kwanza ilitoka vizuri. Kalunde akaosha herufi zake, akazikausha. Siku ya pili zilikuwa zimenyonya mafuta na unyevu, zimevimba upande mmoja. Karatasi ikatoka na herufi moja nyeusi tititi, nyingine kama kivuli, na O ikapasuka katikati mashine ikiwa inatembea.

Mwangangi akasimamisha mashine, akaondoa vipande kwa uangalifu. "Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia kimo. Kimo kilikuwa sawa," Kalunde akajibu. "Mti ndio mbaya."

Zile herufi kumi na mbili alizichemshia chai.

Mwisho wa mwezi akapanda tena Mbooni. Baba yake akacheka aliposikia mukau. "Ulitaka mti laini kwa sababu mkono wako ni laini. Chukua mpingo." Akamkatia magogo ya mpingo aliyokuwa ameyakausha miaka minne. Akamwonyesha jinsi ya kulikata gogo kwa kukingama, ili uso wa herufi uwe ule upande wenye miduara ya mti, ambao haunyonyi wala hauvimbi. Akamwambia azipake mafuta ya mbarika yaliyopashwa moto na kuziacha wiki nzima.

Lakini mpingo ni mti mwembamba, na moyo wake mara nyingi una ufa. Ukiondoa ufa na ile sehemu nyeupe ya nje, unabaki na kipande chenye upana wa vidole viwili. Kalunde alivipanga vile vipande chini akavitazama. Herufi pana haikuwezekana. Ingewezekana ndefu, iliyobanwa mbavu.

"Na ndicho nilichokuwa nataka," aliniambia miaka mingi baadaye. "Nilitaka neno refu likae mstari mmoja. Kikamba kina maneno marefu. Lakini nilikuwa naogopa kwamba ukibana herufi itakonda, na ikikonda haionekani mbali. Basi nikasema, itabanwa lakini haitakonda."

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na ilimchukua mwaka mzima. Miguu ya herufi aliifanya minene, karibu nusu ya upana wote. Akapiga chapa, E ikatoka gogo jeusi, nafasi za katikati zimejaa wino. Akapunguza unene wa mikono ya E, akaacha mguu ulivyokuwa, akachimba nafasi ndani zaidi. A alipandisha tumbo lake na kuteremsha ufito wake wa katikati. O hakuiacha duara. Aliinyoosha ubavuni ikawa kama dirisha lenye pembe zilizoviringwa. W ilimshinda mara nne, kwa sababu ni miguu minne inayogombea nafasi ya miwili, mpaka alipofupisha ile ncha ya katikati. Kila alipoharibu alisaga uso wa kile kipande na tupa, na kilipokuwa kifupi kuliko kipimo alikitupa.

Alama ndiyo iliyokuwa na mjadala mkubwa. Ikikaa juu ya herufi, mstari mzima unahitaji nafasi ya ziada, na bango linapoteza mstari mmoja. Kalunde akaifupisha U yenyewe, ili herufi na wimbi lake vitoshe ndani ya kimo kile kile cha wenzake.

"Hii ni fupi kuliko ndugu zake," Mwangangi akasema. Kwake hilo lilikuwa kosa.

"Ukiwa karibu ni fupi. Twende mbali."

Wakabandika karatasi mbili kwenye ukuta wa nje wa kiwanda, moja ya herufi za Uingereza, moja ya Kalunde, kisha wakarudi kinyumenyume kuelekea barabarani, Mwangangi akihesabu hatua. Kwenye hatua ya sitini akasimama. Akaondoa miwani, akaivaa tena. Za Uingereza zilikuwa zimeanza kuyeyuka. Za Kalunde zilisimama kama nguzo za boma, na juu ya Ũ wimbi lilionekana wazi.

"Ufupi hauonekani," Mwangangi akakiri.

"Hauonekani."

"Lakini bado W yako inainama kushoto."

"Nitainyoosha," Kalunde akasema.

*

Mwaka wa 1971 ilivuma habari kwamba kipindupindu kinakuja. Asubuhi moja ya Jumatano afisa wa afya, bwana mmoja mwenye haraka, aliingia kiwandani na karatasi mkononi. Alitaka mabango mia sita ya Kikamba kabla ya soko la kesho yake. Maneno makubwa yawe mawili tu, yanayosema watu wachemshe maji: THEŨKYAI KĨWŨ. Mengine yote yangekaa chini kwa herufi ndogo.

Mwangangi alianza kupanga herufi za Uingereza kwenye fremu. T, H, E, U. Fremu ikajaa. Akachukua saizi ndogo zaidi. Neno likaingia, lakini likawa dogo kiasi cha kuhitaji mtu asogee karibu.

"Ligawanye mara mbili," Mzee Ndolo akashauri.

"Nikiligawanya, nani atalielewa?" afisa akasema. "Watu wengi huko ndio kwanza wanajifunza kusoma. Na alama ziko wapi? Hilo si neno."

Kalunde aliweka chini brashi ya kuoshea. "Bwana Mwangangi, nilete sanduku langu?"

Mwangangi, mtu aliyefanya kazi miaka ishirini na herufi za watu wengine, akaanza kuifungua fremu. "Lete," akasema.

Zilipangwa, na THEŨKYAI ikaingia mstari mmoja toka pembe hadi pembe, hata ikabaki nafasi ya kidole. Lakini kwenye KĨWŨ wakakwama. Neno la kwanza lilikuwa na Ũ moja na la pili lilikuwa na nyingine, na Kalunde alikuwa amemaliza moja tu. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

"Mashine lazima ianze saa sita," Mwangangi akasema, "la sivyo hatumalizi."

Kalunde alikwenda uani na kipande cha mpingo kilichokuwa tayari kimekauka, akaketi juani, akachora U kinyume kwa penseli, akaanza. Afisa alikuja mara moja akachungulia, Mwangangi akamwondoa. Saa tano patasi iliteleza ikamkata kwenye kiganja. Akafunga kitambaa, akaendelea, akiangalia damu isiingie kwenye uso wa herufi. Ilipobaki kusawazisha kimo, kitambaa kilikuwa kimeloa na tupa ikawa inamteleza.

Mwangangi akachuchumaa mbele yake na aproni yake safi ikagusa vumbi. "Nipe tupa," akasema. "Kimo niachie mimi."

Akaipiga tupa mara tatu, akaipima kati ya vile vyuma viwili, akapiga mara moja tena. Ikapita bila kukwama wala kucheza. Saa sita na dakika chache mashine ilianza.

Kesho yake niliona lile bango Kalamba, ukutani kwa kisiagi. Nililisoma nikiwa ng'ambo ya barabara. Sitadai kwamba bango lilizuia ugonjwa. Wahudumu wa afya walifanya kazi, na watu wenyewe pia. Ninachojua ni nilichokiona. Kasyoka alitokea na kiondo mgongoni. Zaidi ya mwaka mmoja alikuwa hajakanyaga darasani kwangu. Alisimama katikati ya barabara, mbali kabisa na ukuta, mzigo ukiwa bado mgongoni, akatazama.

"Theũkyai kĩwũ," akasema.

Hakuna aliyemwuliza, na hakuisema kwa sauti kubwa. Lakini Musyoka wa nyama alisikia. "Linasema nini hilo, mama?"

"Linasema mchemshe maji," Kasyoka akajibu. "Na huko nyuma ya duka lako ndiko pa kuanzia."

Jumatatu alikuwa darasani, kiti cha mbele. Sikumwambia nani alichonga zile herufi. Alikuwa akijua.

*

Seti nzima ilikamilika mwaka wa 1973, ikiwa na tarakimu, vituo, na nakala tano za zile herufi zinazotumika sana. Mwangangi aliitengenezea droo yake, na kwa kuwa kila aina ya herufi kiwandani ilikuwa na jina lake usoni mwa droo, aliandika kwa mkono wake mzuri: MBOONI NENE. Kalunde alipandishwa kutoka uoshaji hadi upangaji. Aliolewa na Mbuvi, fundi wa magari, wakapata mabinti wawili na mvulana mmoja.

Kazi zilikuja. Mikutano ya injili, harambee za shule, matangazo ya mazishi, ligi za mpira. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, Muktar, kutoka upande wa Garissa, alikuja mwaka wa 1978 akitaka mabango ya mnada. Kalunde alimpangia MNADA WA NG'OMBE, kisha akagundua kwamba hana kile kikoma cha juu, kwa sababu hakuna bango lililowahi kumdai.

"Weka tu bila," Muktar akamwambia. "Watu watajua ni ng'ombe, dada yangu. Ng'ombe wenyewe watakuwa wamesimama pale."

"Njoo baada ya saa moja," Kalunde akasema.

Muktar alingoja akinywa chai, na baadaye alikuwa akiwasimulia wenzake kwamba kuna mama Kitui aliyemchongea ng'ombe wake pembe.

Mwaka wa 1984, mvua ilipokataa kabisa, mabango ya Mbooni Nene ndiyo yaliyowaambia watu siku na mahali pa kugawiwa mahindi ya manjano. Niliona akina mama waliopitia kwangu wakiwasomea wengine kutoka kwenye foleni, bila kutoka kwenye nafasi zao.

Halafu, mwaka wa 1991, Mzee Ndolo akiwa ameshastaafu, kiwanda kilinunua mashine mpya inayopiga chapa kwa picha. Meneja mpya hakuwa na haja ya mbao. Kalunde aliambiwa kazi yake itakwisha mwezi wa sita. Hilo alilipokea. Lakini alisikia pia kwamba droo ya Mbooni Nene ilikuwa imeahidiwa mnunuzi wa vinyago kutoka Nairobi, ambaye alitaka herufi moja moja za kuwauzia watalii wazitundike ukutani.

Akaingia ofisini bila kubisha.

"Zile herufi ni zangu."

"Mama, zimekuwa hapa miaka ishirini," meneja akasema. "Ni mali ya kiwanda, kama meza hii."

"Meza hii sikuichonga. Zile nilizichonga. Itisha kamati ya kanisa."

Kamati ilikaa wiki mbili baadaye. Kalunde alikuwa amemwandikia barua Mwangangi, aliyekuwa amestaafu na kuhamia Malili, na siku ile alifika kwa basi. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, anatembea kwa mkongojo, kalamu mbili bado mfukoni. Aliwaambia wazee maneno ya Mzee Ndolo kama yalivyosemwa: kwa wakati wako, na kwa mbao zako. Akataja mahali alipokuwa amesimama aliposikia. Akaeleza Jumamosi zote alizopita kwenye ule ua na kumkuta Kalunde akichonga.

"Mchango wangu ni kimo cha Ũ moja," akamaliza. "Hiyo moja nimempa."

Wazee walishauriana kwa muda mfupi. Wakaamua herufi ni za mama, na pia ile mashine ndogo ya mkono iliyokuwa ikishika kutu stoo, maadam hakuna aliyeihitaji.

*

Kalunde alifungua chumba cha uchapaji Malili, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Herufi mia mbili na kumi na nne zilisafiri kwenye makreti mawili yaliyowekwa nguo za watoto ili zisigongane. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu, wateja wakipita moja kwa moja kwenda Machakos ambako kulikuwa na mashine za haraka. Alizunguka mwenyewe makanisani na mashuleni, akabeba mfano wa bango umekunjwa kwapani, akalibandika ukutani na kumwambia mwenye shughuli arudi nyuma hatua sitini.

Mwaka wa 1993 yule meneja wa Kitui akaja kwake. Herufi za mashine mpya zilinunuliwa Nairobi zikiwa kwenye karatasi za kubandika, na hazikuwa na Ĩ wala Ũ. Wateja wa Kikamba walikuwa wakilalamika. Aliomba Kalunde ampigie Mbooni Nene yote kwenye karatasi nyeupe safi, ili waipige picha.

Mbuvi, mumewe, alitaka amfukuze. Kalunde akamwambia akae.

"Nitakupigia," akamwambia meneja. "Sharti langu ni moja. Mtu akileta Kikamba, alama isiachwe hata moja. Nikiona bango lenu halina, nitakuja."

Alikubali, na Kalunde akaenda mara mbili mwaka uleule.

Mara ya mwisho nilipomtembelea ilikuwa 1995. Mchungaji mmoja alikuwa akingojea mabango ya mkutano wa Jumapili, na karatasi thelathini zilikuwa zimeshatoka, zimetundikwa kwenye kamba zikauke. Nilizisoma, nikasema ziko sawa. Mwalimu mzima. Kalunde alichukua moja akaisogeza dirishani. Katika mstari wa pili, neno la tatu, I ya kawaida ilikuwa imekaa mahali pa Ĩ.

Alisimamisha mashine. Akazishusha zile thelathini zote kutoka kwenye kamba, akazikunja, akazisukuma chini ya meza.

"Mama, hakuna atakayeona," mchungaji akasema. "Na gari langu linaondoka saa tisa."

"Ataona mmoja, anayesoma herufi kwa herufi," Kalunde akasema, tayari akifungua fremu. "Kaeni, niwaletee chai. Gari lingine liko saa kumi na moja."

Mchungaji akanitazama mimi. Nikamsogezea nafasi kwenye benchi.